Elimu ni nguzo kwa wanaoishi na virusi vya Ukimwi

MTU anayegunduliwa kuwa na virusi vya Ukimwi huhitaji mambo mawili kwa pamoja: dawa na maarifa. Dawa hudhibiti virusi mwilini, nayo maarifa humwezesha kuzitumia kila siku bila kukosa, hata mambo yanapoharibika. Historia ya Yamumbi, viungani mwa mji wa Eldoret, inadhihirisha ukweli huo.

Ghasia zilipozuka baada ya uchaguzi mkuu wa Desemba 2007, Yamumbi ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoshambuliwa, pamoja na Langas, Huruma, Kimumu na Kiambaa. Maelfu ya watu walitoroka makwao, wengi wakapiga kambi katika uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Eldoret. Kwa aliyekuwa akitumia dawa za kupunguza makali ya Ukimwi (ARV), kukimbia bila dawa kulikuwa hatari ya pili. Uchunguzi wa madaktari kuhusu watoto waliokuwa wakitibiwa magharibi mwa Kenya ulibainisha kuwa baadhi yao hawakurejea kliniki kwa wakati, na wengine walikosa dozi.

Hatari yenyewe ni hii. ARV haziangamizi virusi vyote. Baadhi hujificha ndani ya chembechembe za kinga, na dawa zikikatizwa huanza kuzaana upya. Vikizaana wakati kiasi cha dawa mwilini ni kidogo, vinaweza kujibadilisha na kuwa sugu. Mgonjwa anayelifahamu hilo, anayejua majina ya dawa zake na kuhifadhi kadi yake ya kliniki, huwa rahisi kusaidiwa katika kituo kingine akilazimika kuhama.

Elimu hiyo ilianza katika mazingira magumu. Kenya ilitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa Novemba 1999, wakati ambapo wananchi wengi hawakuweza kumudu bei ya ARV. Mwaka 2001, Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani vilianzisha mpango wa AMPATH. Mpango huo ulitoa dawa na pia kuanzisha mashamba ya kukuza chakula cha wagonjwa. Mmoja wa watu wa kwanza kunusurika kwa dawa hizo mjini Eldoret alikuwa mwanafunzi wa udaktari ambaye, baada ya kupata nafuu, alijitokeza kuwaelimisha wengine.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtu aliyewahi kumeza dawa kwa kujificha, au kutafuta maneno ya kumweleza mumewe au mkewe hali yake, husikilizwa na mgonjwa mpya kwa namna ambayo daktari huenda asisikilizwe.

Yapo mengi ya kufundisha. Tangu 2016, mwongozo wa Kenya unaelekeza kuwa kila anayepatikana na virusi aanze dawa bila kusubiri kinga ishuke. Tafiti zilizochapishwa kati ya 2011 na 2019 zilithibitisha kuwa mtu ambaye virusi vyake vimepungua hadi visionekane kwenye vipimo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono. Mama mjamzito asiyetibiwa ana uwezekano wa asilimia 15 hadi 45 wa kumwambukiza mtoto wakati wa ujauzito, kujifungua au kunyonyesha; matibabu huushusha chini ya asilimia 5.

Haki pia ni sehemu ya somo. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya 2006 inapiga marufuku kumlazimisha mtu kupimwa ili apate kazi au nafasi shuleni, na pia kufichua hali yake bila idhini.

Januari 2025, Marekani ilipositisha misaada yake ya kigeni, kliniki nyingi barani Afrika zilitikisika. Kama ilivyokuwa Yamumbi 2008, ilidhihirika kuwa dawa inaweza kukosekana kwa sababu zisizomhusu mgonjwa. Hapo ndipo ujuzi huwa akiba: kurudi kliniki mapema, kutogawana dawa na jirani, na kutoacha tiba kwa kujiona umepona.