Maktaba ya Kijiji Ianzie Wapi?

Mazungumzo ya maktaba kijijini huishia haraka kwenye jengo: nani atatoa kiwanja, nani atachangia mabati. Kwa kata ya mlimani kama Ngujini, wilayani Mwanga katika milima ya Upare, naona tunaanzia pasipofaa.

Huduma ya kwanza ya maktaba kwa watu wa mashambani haikuwa na jengo. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948 na kuwa na makao yake Nairobi, ilipeleka masanduku ya vitabu mashambani, na msomaji wa mbali aliweza kuazima kwa posta. Baadaye Tanganyika ikatunga sheria yake ya maktaba mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam.

Mwaka huohuo, watu wazima wapatao 67 katika kila 100 hawakujua kusoma. Kampeni ya kisomo, maarufu kama ngumbaru, iliwapunguza hadi 39 mwaka 1975, kisha 27 mwaka 1977. Lakini aliyejifunza kusoma ukubwani husahau asipopata cha kusoma. Ndiyo maana zikaanzishwa maktaba za vijijini: kabati, daftari la kuazima, mwanakijiji wa kulisimamia, na vitabu vyembamba vya kilimo na afya. Ulikuwa mpango wa busara, na waliousimamia wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa.

Udhaifu wake ulikuwa kwenye mzunguko. Kabati dogo humalizwa upesi na msomaji mwenye bidii, na baada ya hapo hana sababu ya kurudi. Mwishoni mwa miaka ya 1970, vita kati ya Tanzania na Uganda na uhaba wa fedha za kigeni vilipofanya karatasi, mafuta na vipuri viadimike, vitabu vipya vilikuwa vigumu kupata na vigumu zaidi kupandisha mlimani.

Hamu ya kusoma Upareni haikuwahi kuwa tatizo. Wamisionari Walutheri wa Leipzig walifika Shighatini mwaka 1900, na mafundisho ya kusoma yakaja nao. Miaka ya 1950 kulikuwa na gazeti la Habari za Upare. Na Profesa Isaria Kimambo, mwana wa milima hiyohiyo, aliandika historia ya Wapare iliyochapishwa mwaka 1969.

Wapare wanajua pia kugawana kilicho haba. Ndiva, yaani bwawa dogo la umwagiliaji, hukusanya maji usiku. Mchana hufunguliwa mferejini, kila shamba kwa zamu yake. Vitabu navyo vingeweza kwenda kwa zamu: sanduku likae Ngujini muhula mmoja, lihamie Kilomeni, kisha Usangi, nalo la Usangi lipande Ngujini. Shule za msingi tayari zina chumba na mlango wa kufunga. Kinachohitajika ni nauli ya masanduku, posho ya mshika daftari, na fungu la vitabu vipya kila mwaka. Halmashauri ingeviweka hivyo kwenye bajeti kabla ya saruji.