Mshahara Uliosafiri Bila Mchezaji

Mwanzoni mwa mwaka 2008, Aaron McKie, mwenye umri wa miaka 35, alikuwa akiwasaidia makocha wa timu ya Philadelphia 76ers kwa kujitolea. Msimu ule hakuwa amecheza hata mechi moja. Mara timu yake ya zamani, Los Angeles Lakers, ikamwandikia mkataba wa karibu dola 750,000, na papo hapo ikampeleka Memphis. Kilichotakiwa ni mshahara wake tu.

Ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, NBA, imeweka ukomo wa mishahara tangu msimu wa 1984-85, ili timu za miji mikubwa zisiwakusanye wachezaji wote hodari. Msimu wa 2007-08 ukomo huo ulipita dola milioni 55. Hata hivyo, timu huruhusiwa kuupita ukomo ili kumlipa mchezaji wake yenyewe, ruhusa ijulikanayo kwa jina la Larry Bird wa Boston. Timu iliyokwisha kuupita yaweza pia kubadilishana wachezaji, mradi mishahara ikaribiane. Wakati ule mishahara inayoingia haikuruhusiwa kuzidi asilimia 125 ya ile inayotoka, pamoja na dola 100,000.

Lakers walimtaka Mhispania Pau Gasol, aliyelipwa zaidi ya dola milioni 13. Walimtoa Kwame Brown wa dola milioni 9 na kijana mmoja chipukizi, lakini hesabu ilipungua kidogo. Ndipo walipomkumbuka McKie, ambaye kwa mujibu wa sheria haki zake zilikuwa bado mikononi mwao. Aliyewahi kuona jiwe likitiwa ndani ya gunia ili mizani ilingane ataielewa biashara hii.

Mwezi huo huo Dallas nao walimtumia Keith Van Horn, ambaye hakuwa amecheza tangu 2006, wakamwandikia zaidi ya dola milioni 4 ili wampate Jason Kidd kutoka New Jersey. Sheria haikuvunjwa, ingawa shabaha yake ilikosewa kabisa.

Lakers wakiwa na Gasol walitwaa ubingwa mwaka 2009 na 2010. McKie hakuichezea Memphis hata dakika moja. Mkataba wa 2011 baina ya wenye timu na wachezaji ukauziba mwanya huo: tangu hapo, mchezaji wa kuandikishwa na kuhamishwa papo hapo sharti awe amemaliza msimu uliotangulia katika timu hiyo.