Namna ya Kuchagua Krimu ya Kunyolea Ndevu Isiyo Ghali

Katika maduka ya dawa ya mjini Kilosa, na katika yale yaliyo kando ya barabara kuu ya Iringa pale Mikumi ambapo madereva wa malori hushuka kula, kuoga na kununua haja zao za safari, vitu vya kunyolea ndevu hukaa aghalabu rafu moja na dawa za meno na mafuta ya kujipaka. Na mnunuzi asiyepata wa kumshauri ama huchukua kilicho ghali kwa kudhani kuwa bei ni dalili ya ubora, ama huviacha vyote akarudi kwenye kile kipande cha sabuni ya mche alichokizoea tangu ujanani. Rai yangu ni kwamba katika jambo hili kilicho rahisi mara nyingi ndicho bora, mradi mnunuzi ajue anachokitafuta.

Yampasa kwanza ajue kuwa kinacholainisha ndevu ni maji. Unywele umeumbwa kwa protini iitwayo keratini, ambayo ikiwa kavu huushinda wembe kwa ugumu wake; lakini ukilowekwa kwa maji, hasa ya uvuguvugu, muda wa dakika mbili au tatu, unywele huyanywa hata ukavimba, vifungo vilivyoishikamanisha keratini vikalegea, na wembe ukapita pasipo kuvuta. Kazi ya krimu, basi, ni kuyazuia maji hayo yasikauke kabla ya kunyoa kwisha, na kutia utelezi baina ya chuma na ngozi. Hili si dogo kwa mtu wa Kilosa, mji uliomo bondeni kandokando ya Mto Mkondoa, ambako wakati wa kiangazi joto hulikausha povu shavuni kabla ya kidevu kufikiwa. Krimu iliyo nzuri hutambulikana kwa kudumu kwake: povu lake likipakwa likaachwa dakika tano, hubaki bichi.

Kwa nini sabuni ya mche haifai kwa kazi hii, ilhali nayo ni sabuni? Kila sabuni hutokana na mafuta au shahamu iliyochanganywa na kitu kikali cha namna ya magadi. Na kitu hicho kikiwa cha sodiamu, sabuni hutoka ngumu, hukatika vipande na kufaa kwa kufulia, lakini kikiwa cha potasiamu, ile iliyomo kwa wingi katika majivu ya kuni, sabuni hutoka laini, huyeyuka upesi katika maji machache na kutoa povu zito lenye mapovu madogo madogo. Watengenezaji wa krimu ya kunyolea hutumia hasa potasiamu, kisha huchagua mafuta yenye asidi ya steariki, ambayo hulipa povu uzito na udumifu, wakiongeza kiasi cha mafuta ya nazi ili povu lisichelewe kupanda. Hayo ya nazi yakizidi, povu huwa jingi mno na jepesi, na uso hukakamaa baada ya kunawa.

Mwenye kuyafahamu hayo hana haja ya kuuliza jina la kampuni. Na aigeuze tyubu, aisome orodha ya viambato, ambayo kwa kawaida ya vipodozi hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Baada ya maji atafute neno linaloanzia kwa «stear», na karibu na hapo lile la potasiamu, kisha gliserini, ambayo huyashika maji yasikimbie; vitatu hivyo vikiwa miongoni mwa vitano au sita vya mwanzo, krimu hiyo ni njema hata ikiwa ndiyo ya bei ya chini dukani. Marashi, rangi na mentholi inayoleta ubaridi usoni havimnyoi mtu, na aghalabu ndivyo vinavyopandisha bei. Kadhalika atazame tarehe ya mwisho wa matumizi na anuani ya kiwanda, na akatae tyubu iliyofunguliwa. Tangu 2019 usimamizi wa vipodozi katika nchi yetu uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, na bidhaa isiyoonyesha imetoka wapi haistahili kupakwa usoni.

Wengi hutamani mkebe wa povu, ule unaobonyezwa kichwani, ambao uliingia sokoni Marekani mwaka 1949. Unamfaa mwenye haraka, mathalan mgeni anayewahi kulifikia lango la Hifadhi ya Taifa ya Mikumi alfajiri. Lakini kwa fedha anayotoa mnunuzi huwa amenunua pia bati na gesi, na povu linalotoka limejaa hewa kuliko maji. Fauka ya hayo, gesi yenyewe huwaka moto, na huonywa mkebe usifikishwe kwenye joto la nyuzi 50, joto ambalo dashibodi ya lori lililoegeshwa juani hulifikia bila taabu. Dereva asiuache humo abadan. Tyubu ya gramu 100, kwa anayechukua gramu moja hivi kila anaponyoa, humtosha miezi mitatu naye ananyoa kila siku. Na hivyo ndivyo bei ipimwavyo kwa haki, kwa siku za kunyoa, wala si kwa ukubwa wa chombo.

Jambo linalowaudhi wanaume wengi wa kwetu ni vipele vya ndevu. Unywele uliojikunja, ukikatwa kwa ncha kali chini ya usawa wa ngozi, hurudi ndani unapoota, na mwili huupokea kama mwiba. Hakuna krimu iondoayo sababu hiyo, na anayeuza tyubu kwa ahadi hiyo asisadikiwe. Krimu yenye utelezi husaidia kwa kumwezesha mtu kupitisha wembe mara moja tu. Yaliyosalia ni desturi ya mkono: kufuata upande unywele uotako, kutoivuta ngozi, na kupendelea wembe mmoja kuliko kichwa chenye nyembe tatu au tano, ambacho hukata chini zaidi. Mwenye vipele na aepuke marashi na mentholi, kwani huchoma ngozi iliyokwisha kujeruhika. Ule unga wa kuondoa nywele pasipo wembe, wenye harufu ya yai viza, si krimu ya kunyolea: huyeyusha unywele kwa kemikali, na huunguza ngozi ukizidishiwa muda. Huwafaa baadhi ya wenye vipele, kwa sharti la kuujaribu kwanza mkononi.

Brashi si lazima, ijapokuwa huinua povu vizuri na kuokoa krimu. Iwe ya nailoni, ioshwe na ianikwe; wakati wa Vita Kuu ya Kwanza brashi za manyoya ya farasi ziliwaambukiza askari kimeta. Mahali ambapo maji ya kisima yana chumvi nyingi, sabuni hugeuka utando badala ya povu. Hapo maji ya mvua yaliyokingwa yatafaa kuliko kubadili krimu. Wembe nao usiazimane hata na ndugu, kwani homa ya ini na virusi vya UKIMWI hupita katika tone la damu lisiloonekana.

Nawaomba wenye maduka wa Kilosa na Mikumi waagize tyubu ndogo za krimu ya namna hii, waziweke mbali na jua la dirishani, na wamruhusu mteja azigeuze asome kabla hajatoa fedha yake.