Pumbaa, Pumbao na Lugha ya Wanyama wa Runinga

Filamu ya katuni ya The Lion King ilipotolewa mwaka 1994, ngiri Pumbaa na mwenzake Timon walikuwa watani wa kandokando tu, waliotiwa humo ili mtazamaji apate kupumua baada ya kifo cha Mufasa. Mwaka mmoja baadaye watani hao walipewa kipindi chao wenyewe cha runinga, Timon & Pumbaa, kilichoendelea hadi mwaka 1999. Tangu hapo watazamaji wamegawanyika, na ubishi wao ungali hai miongoni mwa watu waliokuwa watoto siku zile na ambao leo wanalea watoto wao.

Kundi la kwanza hulalamika kwamba kipindi kiliishusha hadhi filamu. Simba, aliye mhimili wa hadithi, huonekana humo mara chache mno. Ufalme wake umesahauliwa, na marafiki wale wawili wanarandaranda duniani wakisaka wadudu wa kula. Isitoshe, kisa cha jinsi walivyokutana, kama kinavyosimuliwa kipindini, hakiwiani na kile cha filamu ya The Lion King 1½ ya mwaka 2004. Kundi la pili hujibu kwamba kichekesho hakidaiwi hesabu ya namna hiyo: alimradi mtoto amecheka, kazi imetimia.

Kwa maoni yangu, kundi la kwanza limekosea kipimo. Filamu inazungumza kwa rejesta ya utendi: mfalme, usaliti, uhamisho, kisasi. Kipindi kinazungumza kwa rejesta ya utani wa barazani. Hakuna amshutumuye mwimbaji wa vugo arusini kwa kuwa hakutunga utenzi. Ikiwa kipindi hiki kina kasoro, basi tuitafute katika utani wenyewe.

Hapo ndipo makundi yote mawili yanapomsahau mtazamaji wa tatu, yaani sisi tusemao Kiswahili. Mtoto wa Chicago asikiapo neno "Pumbaa" husikia jina la ngiri. Mtoto wa Malindi husikia kitenzi. Kupumbaa ni kuduwaa, ni kuwa kama mtu asiyejua la kufanya. Na kutokana na mzizi huo huo tumepata kupumbaza na pumbao, yaani kitu cha kumshughulisha mtu apitishe wakati. Sijui kama waliombatiza ngiri huyo waliliona hilo, lakini jina lenyewe limebeba kazi yake yote: apumbaaye ndiye pumbao letu. Na kuna kinaya kizuri ndani yake. Katika filamu, wanapozitazama nyota, Timon anadai kuwa ni vimulimuli walionasa angani, ilhali Pumbaa ndiye asemaye kwamba ni gesi inayowaka mbali mno. Mpumbavu wa jina ndiye mjuzi wa mambo. Mtazamaji asiyejua Kiswahili huona nusu tu ya mzaha huo. (Timon naye, kwa hakika, ni mgeni katika mbuga zetu: mnyama wa aina yake, aliye wa ukoo wa nguchiro, huishi kusini mwa Afrika.)

Sasa tutazame majina ya visa vya kipindi. Kimoja kinaitwa Kenya Be My Friend?, kingine Uganda Be an Elephant, kingine tena To Kilimanjaro Bird, kinachoigiza jina la riwaya ya Harper Lee, To Kill a Mockingbird, ya mwaka 1960. Mchezo wa maneno si dhambi. Washairi wetu wameucheza karne na karne. Lakini angalia unavyofanya kazi hapa. Katika kisa cha kwanza, jina la nchi yetu limeshika nafasi ya maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya "je, unaweza". Ili ucheke, sharti ulitamke jina hilo kwa kinywa cha Mmarekani na upunguze irabu ya mwisho hadi ikaribie kupotea. Ukilitamka kama tulitamkavyo Nairobi au Lamu, mzaha unakufa papo hapo. Kwa maneno mengine, Mkenya analazimika kuacha matamshi ya jina la nchi yake kabla hajaruhusiwa kucheka.

Miaka ishirini baadaye lilichipuka tawi jingine, The Lion Guard, lililoonyeshwa tangu mwaka 2016 hadi 2019. Hili si la vichekesho vitupu, ila humo Kiswahili kimepewa nafasi kubwa zaidi. Duma Fuli husema "Huwezi!", kiboko Beshte husema "Twende kiboko!", nyegere Bunga husema "Zuka zama!", na mwanasimba Kion husema "Hevi kabisa". Kuna wazazi na walimu waliofurahi, na wana haki. Wengine wamenuna kwa sababu "beshte" ni neno la vijana wa mitaani na "hevi" limekopwa. Manung'uniko hayo siyaungi mkono. Lugha isiyokopa imekwisha kuzikwa.

Linalonikera ni jingine. Sikiliza kwa makini utagundua kwamba wanyama hawa huitana na kushangilia kwa Kiswahili, kisha wanapotaka kupanga, kubishana, kuomba radhi au kueleza sababu, wanarejea kwenye Kiingereza. Kiswahili kimekuwa lugha ya majina na makelele. Mwanafunzi anayetazama jioni baada ya jioni hahitaji mwalimu wa kumfunza ngazi hiyo ya lugha; ameshaifahamu kabla hajavaa sare ya shule. Hata filamu yenyewe ya 1994, iliyojaa majina kutoka kwetu, ilipotiwa sauti za lugha ya Kiafrika, lugha iliyoteuliwa ilikuwa Kizulu.

Kwamba jambo hilo si la lazima limekwisha kuthibitishwa na majirani zetu. Tangu mwaka 2014 kipindi cha katuni cha Ubongo Kids, kilichoanzishwa Tanzania, kimekuwa kikiwafunza watoto hisabati na sayansi kwa Kiswahili, tena kwa nyimbo na mizaha. Humo mhusika hukosea hesabu, hubishiwa, husahihishwa, yote kwa Kiswahili.

Walimu wa shule za upili wasivizime vipindi vile vingine, bali wavilete darasani. "Huwezi" ni sentensi kamili katika neno moja: mwanafunzi aonyeshe kikanushi kiko wapi na mtendwa aliyeachwa ni yupi. "Zuka zama" ni amri mbili zisizo na kiunganishi. Je, maana inabadilika tukikitia? Na katika "Twende kiboko", huyo kiboko ni mwenzake anayeitwa, ni msemaji anayejitaja, au ni sifa ya mtu hodari kama itumikavyo mitaani? Darasa lichukue pande tatu na kila upande ulete ushahidi wake wa kisarufi.