Jiwe la Mizani na Gunia Tupu

Mkulima wa kahawa wa Tarime anapofikisha gunia lake kwenye mizani huwa na maswali mawili. Je, jiwe la mizani ni halali? Na uzito wa gunia tupu umetolewa? Moja likikosewa, jasho lake la mwaka mzima limepunjwa.

Wanaopima mwanga wa angani nao wana maswali hayo hayo. Jioni ya Januari, Tarime au Mugumu, kundi la nyota la Jabari hupita karibu na utosi. Kando ya zile nyota zake tatu za mstari, upande wa kusini, kuna doa la ukungu. Hiyo ni nebula, wingu la gesi ambamo nyota huzaliwa, umbali wa miaka ya nuru ipatayo 1,300. Mwanga wake ndio unaotueleza lina gesi kiasi gani.

Kati ya 1997 na 2000, John Gaustad wa Chuo cha Swarthmore, Marekani, na wenzake walipiga picha anga ya kusini, Jabari akiwemo, kutoka Cerro Tololo nchini Chile. Wala haikuwa darubini kubwa. Lenzi ilikuwa ya milimita 52, kama ya kamera ya mkononi. Picha moja ilifunika nyuzi 13, yaani upana wa Miezi 26 hivi ikipangwa mstari. Kichujio kilipitisha hasa wekundu wa haidrojeni.

Lakini picha nzuri si kipimo. Jiwe lao la mizani lilikuwa nebula ndogo zilizoachwa na nyota zinazokufa, ambazo mwanga wake ulikwisha kupimwa kwa uangalifu.

Kwa maoni yangu, kazi ngumu ni ile ya gunia tupu. Juu sana Dunia yetu imezungukwa na haidrojeni yake yenyewe, nayo hung'aa kwa wekundu ule ule, tena hubadilika usiku ukiendelea. Usipoitoa, wingu hafifu litahesabiwa gesi lisilokuwa nayo. Kamera haiwezi kutenganisha wekundu huo. Chombo cha Chuo Kikuu cha Wisconsin, wakati huo kikiwa Arizona, kiliweza, kwa sababu gesi ya mbali husogea na rangi yake huhama kidogo. Hakioni mambo madogo madogo, bali sifuri yake inaaminika, na picha za Chile zikasahihishwa kwayo.

Kasoro ilibaki kusini ya mbali, penye Msalaba wa Kusini, ambako sisi wa Mara tunaona vizuri lakini Arizona haioni. Huko gunia lilikadiriwa tu, hadi chombo hicho kilipohamishiwa Cerro Tololo mwaka 2009.