Masafa ya Dar es Salaam na Jidda



Jidda ndiyo lango la mahujaji waendao Makka kwa ndege. Kutoka Dar es Salaam, masafa yake angani ni kiasi cha kilomita 3,150. Wazee wetu waliosafiri kwa majahazi waliungoja upepo wa kusi, wakakaa baharini majuma mengi. Ndege iendayo moja kwa moja huyakata masafa hayo kwa saa nne na nusu hivi.

Miji hii miwili iko karibu sawa katika longitudo ya nyuzi 39 mashariki. Ndiyo maana ndege huelekea kaskazini, saa ya mkononi haibadilishwi, na kibla chetu nacho kiko kaskazini. Msafiri huenda kule anakoelekeza uso wake kila siku katika sala.

Lakini wepesi huu wataka hadhari. Mikati ni mpaka ambao haji haufai kuuvuka ila awe amekwisha kuhirimia. Ndege huvuka usawa wa Yalamlam, mikati iliyo kusini ya Makka, dakika chache tu kabla ya kutua. Mwenye kuzifungia shuka zake katika mzigo mkubwa hawezi tena kuzitoa. Na avukaye bila ya kuhirimia, yampasa arejee kwenye mikati, ama achinje.

Basi oga, uvae shuka zako kabla ya kupanda ndege, na utie nia kabla ya kuvuka mpaka.

Mwenyezi Mungu atujaalie Hija yenye kukubaliwa. Amin.