Siku ya hatari, mwenye troma anaitika namna gani?



Huku Goma tunapenda kusema "ule ako na troma", halafu tunacheka. Mimi niko nayo ya kweli, daktari alinipima. Kwa Kifaransa wanaandika TSPT, kwa Kiingereza PTSD. Ni ugonjwa unaobaki kisha mtu kuponea chupuchupu vita, ajali ao ubakaji, dalili zikapita mwezi mmoja. Si uoga, si mapepo.

Dalili ziko makundi 4: kumbukumbu kurudi kwa nguvu, hata ndotoni, kuepuka kila kitu kinachokumbusha, roho kuzimika na kujilaumu, na mwili kukaa chonjo kila saa. Kwangu, mpira wa gari ukipasuka, jasho linatoka mbele akili ijue ni nini.

Sasa hatari ya kweli ikikuja? Ndani ya ubongo kuko kengele, inaitwa amigdala. Sehemu ya mbele ya ubongo njo inapima: hii ni hatari ao hapana? Kwetu kengele inapiga sana, mpimaji anachelewa. Mmoja anakimbia bila kujua wapi, mwingine anaganda kama jiwe. Nyiragongo ilipotapika tarehe 22/5/2021, udongo uliendelea kutikisika siku nyingi, na kila mtikisiko ulipiga kengele upya. Mwenye kidonda cha 2002 alikuwa anakimbia moto mbili: wa leo na wa zamani.

Njo maana wewe wa Msalaba Mwekundu ao wa lopitali, usitushike kutoka nyuma. Sema jina lako. Toa agizo moja moja, fupi: "Simama. Nifuate." Usidai habari yote kwa mpangilio, juu troma inavuruga mpangilio wa kumbukumbu. Mtu asipojibu, usiseme ni kiburi.

Na sisi wagonjwa, tujipange siku ya amani. Mimi niko na karatasi mfukoni: njia ya kupita, namba mbili za simu, jina la dawa yangu. Jirani mmoja anajua iko wapi. Siku ile kichwa hakitafikiri, karatasi itafikiri kwa nafasi yake.

Tena ugonjwa huu unatibiwa, kwa mazungumzo na mwanasaikolojia, wengine na dawa. Uliza kwenye kituo cha afya cha karibu.

Na wewe, nani anajua akusaidie namna gani siku ya matata? Kama hakuna, mwambie mtu mmoja leo.